Ndege mbili, kimo kimoja, hewa mbili

Leo tuweke kando mambo ya hifadhidata na simu, tupande angani kidogo. Usiogope kama hujawahi kurusha ndege hata ya karatasi. Jambo lenyewe ni la data zaidi kuliko la mabawa, na yeyote aliyewahi kuunganisha mifumo miwili ya tarakilishi atalitambua mara moja.

Swali ni hili. Marubani wawili wa mtandaoni, mmoja yuko Nairobi na mwingine Nakuru, wanarusha ndege zao za kuigiza katika anga moja. Wote wawili wameagizwa wakae futi 3,000. Wote wawili wanatazama altimita zao na zote zinasema 3,000. Lakini mmoja akichungulia dirishani anamwona mwenzake yuko juu yake kwa karibu futi 700. Nani anadanganya? Nimeulizwa swali hili mara nyingi na vijana wa kikundi chetu kidogo cha wapenda simuleta, na jibu ni kwamba hakuna anayedanganya. Kila mmoja anasoma sawasawa. Wanachotofautiana ni hewa.

Kwa wasiojua, simuleta ni programu ya kuigiza urubani. Unaweza kuitumia peke yako, lakini raha yake hasa ni kuunganishwa na wengine. IVAO ilianza mwaka 1998 na VATSIM mwaka 2001, na hadi leo mitandao hiyo miwili inawakutanisha marubani wa kujitolea na waongoza ndege wa kujitolea. Unaruka kutoka Nairobi, unaongea kwa sauti na mwongoza ndege aliyeko sebuleni kwake Uingereza, naye anakuona kwenye rada yake ya tarakilishi. Hakuna anayelipwa, lakini watu wanafuata taratibu kama kazi ya kweli.

Sasa turudi kwenye kifaa chenyewe. Altimita haipimi urefu. Narudia: haipimi urefu. Inapima mgandamizo wa hewa, kisha inakisia urefu kutokana na mgandamizo huo. Torricelli alituonyesha katika karne ya 17 kwamba hewa ina uzito. Ukipanda juu, hewa iliyo juu yako inapungua, na mgandamizo unashuka. Karibu na usawa wa bahari, kila hektopaskali 1 inayopungua ni sawa na kama futi 27 za kupanda. Kwa hiyo ndani ya altimita kuna kikopo cha bati kilichofungwa, kinavimba na kunywea, na mikono midogo inageuza huko kuvimba kuwa futi.

Tatizo ni kwamba mgandamizo hubadilika hata ukiwa umekaa chini. Leo hewa ni nzito, kesho ni nyepesi. Ndiyo maana altimita ina kitufe cha kuzungusha na kidirisha kidogo chenye namba. Unaiambia: leo usawa wa bahari una mgandamizo kiasi hiki, anza kuhesabu kutoka hapo. Paul Kollsman, Mjerumani aliyehamia Marekani, ndiye aliyetengeneza altimita makini ya namna hiyo mwaka 1928, na tarehe 24 Septemba 1929 Jimmy Doolittle aliitumia kuruka na kutua bila kuona nje hata kidogo, akitegemea vyombo tu. Kidirisha kile mpaka leo kinaitwa kwa jina la Kollsman. Jambo la kuchekesha kwa sisi watengeneza programu: katika maktaba ya kuwasiliana na simuleta za Microsoft, namba hiyo inaitwa KOHLSMAN, herufi zimekosewa, na limebaki hivyo miaka na miaka kwa sababu ukilirekebisha utavunja programu za watu wote. Kama umewahi kurithi msimbo wa wenyewe unaelewa.

Fikiria mafundi wawili wanaopima ukuta mmoja kwa futikamba. Mmoja anaanzia sakafuni, mwingine anaanzia juu ya msingi. Futikamba zote ni nzima, mafundi wote ni hodari, lakini namba hazitalingana kamwe mpaka wakubaliane pa kuanzia. Namba ya kidirishani ndiyo pa kuanzia.

Mapatano ni haya. Ukiwa chini, karibu na uwanja, unaweka QNH, yaani mgandamizo wa mahali hapo uliokokotolewa hadi usawa wa bahari. Ukiweka QNH ukiwa umeegesha, altimita inakuonyesha mwinuko wa uwanja. Pale JKIA utasoma zaidi kidogo ya futi 5,300. Ukishapanda ukapita kimo cha mpito, kila mtu duniani anaweka namba moja, 1013.25, ambayo kwa inchi za zebaki ni 29.92. Huko juu hakuna anayejali ardhi iko wapi, kinachojaliwa ni ndege zisigongane, na ili zisigongane yatosha wote waanze kuhesabu kutoka mahali pamoja. Marekani kimo cha mpito ni futi 18,000 nchi nzima. London ni futi 6,000. Sehemu nyingine kila uwanja una wake, na programu yoyote inayodhani namba ni moja duniani kote itaumbuka.

Kuna pia QFE, ambapo altimita inasoma sifuri ukiwa umeegesha. Kwetu Nairobi haifai kitu, kwa sababu mgandamizo halisi wa hewa hapa ni kama hektopaskali 840 hivi, na kidirisha cha altimita nyingi ndogo hakiwezi kuzungushwa kushuka hadi huko.

Haya, sasa tuingie mtandaoni. Nitatumia mfano wa kweli. Binamu yangu anaruka kwenda Heathrow usiku mmoja wa baridi kali kule Ulaya. Simuleta yake ni ya zamani, tarakilishi yake nayo ni ya zamani, na hali ya hewa ya moja kwa moja ameizima ili kuokoa bando. Kwa hiyo ndani ya simuleta yake hewa ni ile ya kiwandani, 1013, anga safi. Mwongoza ndege anatumia taarifa za kweli za Heathrow, na kule kuna kimbunga kinapita, QNH ni 988. Anamwambia ashuke futi 3,000, QNH 988. Binamu yangu ni mtiifu, anaweka 988, anashuka mpaka altimita inasema 3,000.

Piga hesabu. Tofauti ya 1013.25 na 988 ni 25.25. Zidisha kwa futi 27 na kidogo, unapata kama 690. Amepunguza namba ya kidirishani katika hewa ambayo haikupungua, kwa hiyo altimita inasoma chini ya ukweli. Inasema 3,000 lakini yeye yuko 3,690. Anaingia kwenye mteremko wa kutua, na sindano ya mteremko imelala chini kabisa: njia ya kutua inapita chini yake. Mteremko wa nyuzi 3 unashuka kama futi 318 kwa kila maili ya baharini, maana yake amebeba zaidi ya maili mbili za kushuka ambazo hakuwa amezipangia. Nyuma yake kuna msururu wa ndege. Anaambiwa azunguke, arudi mwisho wa foleni.

Wengi wanasema dawa ni rahisi: bonyeza B. Kwenye simuleta za Microsoft, herufi B kwenye kibodi inaweka altimita sawa na hewa ya simuleta papo hapo. Sawa, tubonyeze B. Altimita inarudi 1013, anashuka mpaka isome 3,000, na sasa yuko futi 3,000 za kweli. Mteremko anaukamata vizuri. Lakini mwongoza ndege anaona nini?

Hapa ndipo inabidi tuelewe data inavyosafiri, na ndipo mimi nilipoanza kupendezwa. Ndege ya kweli ina transponda, na transponda hutangaza kimo kwa kuhesabu kutoka 1013.25 siku zote, bila kujali rubani amezungusha kitufe kwenda wapi. Wengi hawajui hili. Ukizungusha altimita yako, mwongoza ndege haoni badiliko lolote mpaka ndege yenyewe ipande au ishuke. Ni tarakilishi yake inayochukua kimo hicho cha 1013.25 na kukirekebisha kwa QNH ya uwanja wake kabla ya kumwonyesha.

Mitandao ya kuigiza inafuata mfano huo. Katika itifaki iliyotumika tangu zamani, programu yako inatuma kila baada ya sekunde chache kifurushi chenye mahali ulipo, kasi, kimo chako cha kweli, na namba moja zaidi: tofauti kati ya kimo cha kweli na kimo cha 1013.25. Kimo cha kweli kinatumiwa na simuleta za wengine kukuchora angani. Tofauti ile inatumiwa na rada ya mwongoza ndege.

Sasa linganisha. Rubani mwenye hewa ya kweli ya 988, akiwa futi 3,000, anatuma kimo 3,000 na tofauti 690. Mwongoza ndege anajumlisha anapata 3,690, anaondoa 690 ya QNH yake, anaona 3,000. Binamu yangu akiwa ameweka 988 katika hewa ya 1013 anatuma kimo 3,690 na tofauti sifuri. Mwongoza ndege anaondoa 690, anaona 3,000. Kwa macho ya rada, wako sawa kabisa. Kwa macho ya dirishani wamepishana futi 690. Hilo ndilo jibu la swali letu la mwanzo.

Na akibonyeza B? Anatuma kimo 3,000 na tofauti sifuri. Mwongoza ndege anaondoa 690 anaona 2,310. Kwa kawaida ya kimataifa, mwongoza ndege akiona kimo cha rada kinapishana na alichoambiwa kwa zaidi ya futi 300, lazima aulize. Na kama kuna ndege nyingine futi 2,000, ile nafasi ya futi 1,000 aliyoitenga imebaki 310 kwenye kioo chake.

Kwa hiyo usimtii mwongoza ndege, unatofautiana na ndege nyingine kwenye rada. Mtii, unatofautiana na ardhi. Hakuna namba hata moja ya kuweka kidirishani itakayokutoa hapo, kwa sababu kosa haliko kidirishani. Kosa ni kwamba kuna hewa mbili mahali ambapo inafaa kuwa na moja. Sisi watu wa hifadhidata tunaijua hali hii: nakala mbili za taarifa moja, kila moja inabadilika kivyake, halafu tunashangaa ripoti hazilingani.

Kabla sijaeleza nilichofanya, kuna mitego mingine mitatu inayofaa kutajwa.

Wa kwanza ni vipimo. Marekani, Kanada na Japani hutumia inchi za zebaki, wengine wengi hutumia hektopaskali. Rubani aliyezoea Marekani akisikia "992" masikio yake yanajazia yenyewe kuwa 29.92. Lakini hektopaskali 992 ni inchi 29.29. Tarakimu zilezile, zimepinduliwa kidogo tu, na tofauti ni karibu futi 580, ndege ikiwa chini kuliko rubani anavyofikiri.

Wa pili ni kukata desimali. QNH inayotangazwa hukatwa kwenda chini hadi namba nzima, kwa hiyo 1013.9 inatangazwa 1013. Programu inayolinganisha namba mbili kwa alama ya "ni sawa na" italalamika kutwa kucha. Na kukata huko si uzembe. Ukiweka namba ndogo kuliko ya kweli, altimita inasoma chini kidogo, nawe uko juu kidogo. Ukikosea, unakosea kuelekea angani, si kuelekea ardhini. Napenda sana uamuzi wa namna hiyo. Mtu aliketi akafikiria kosa lielekee wapi.

Wa tatu ni joto. Hewa ya moto hutanuka, na altimita hukisia kwa kudhani joto la kawaida. Juu ya Kenya anga huwa na joto kuliko hiyo kawaida, kwa hiyo ndege iliyo kwenye kiwango cha 350 inaweza kuwa juu zaidi ya futi 35,000 za kweli kwa futi elfu moja na ushei. Simuleta za zamani kama FSX ya mwaka 2006 hazikulihesabu jambo hili. Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 ililihesabu. Ghafla watu walio kwenye kiwango kimoja, wote wameweka 1013, wote wana hali ya hewa ya moja kwa moja, wakawa hawalingani machoni. Programu za kuunganisha zilibidi kufikiriwa upya. Ndege za kweli hazina shida hiyo kwa sababu zote zinapita katika hewa ileile; hata nafasi ya futi 1,000 kati ya kiwango 290 na 410, ambayo Afrika tulianza kuitumia Septemba 2008, inasimama juu ya msingi huo.

Basi nikaandika programu ndogo. Kazi yake ni kusoma namba tatu: namba iliyoko kidirishani, mgandamizo wa usawa wa bahari ndani ya simuleta, na QNH ya uwanja wa karibu kutoka kwenye taarifa ya METAR. Ukiwa chini ya kimo cha mpito, zote tatu zinatakiwa zikaribiane. Ukiwa juu, ya kwanza inatakiwa iwe 1013. Nimeipa uvumilivu wa hektopaskali 2, yaani kama futi 55, ili isipige kelele kwa sababu ya desimali. Zikiachana zaidi ya hapo inaandika sentensi moja ya Kiswahili kwenye kona ya kioo: kidirisha chako kinasema hivi, hewa yako inasema hivi, uwanja unasema hivi. Basi.

METAR ni mstari mmoja wa maandishi. Mara nyingi ungeingia ndani ya ujumbe mmoja wa simu wa herufi 160. Kwa hiyo ile hoja ya bando haina nguvu. Huhitaji kupakua mawingu ya dunia nzima ili kujua Q0988. Hata bila programu yoyote, unaweza kusoma METAR mwenyewe na kuandika 988 katika ukurasa wa hali ya hewa wa simuleta yako ya zamani. Hewa mbili zimekuwa moja, na umetumia data isiyozidi picha ndogo ya WhatsApp.

Wenzangu wa kikundi waliipenda, na wiki hiyohiyo maombi yakaanza. Karibu yote yalikuwa ombi moja: kwa nini isiweke altimita yenyewe? Tayari inajua namba sahihi. Kwa upande wa msimbo ni mstari mmoja tu, kutuma thamani mpya kwenye ile KOHLSMAN. Mtu akasema kuonyesha tatizo bila kulitatua ni kama mlinzi anayekuamsha kukuambia mwizi ameingia, kisha anarudi kulala. Nilicheka, lakini hoja ilikuwa nzito. Tumefundishwa kwamba kazi ya programu ni kumpunguzia mtu kazi.

Aliyepinga alikuwa mmoja, binamu yangu. Na sababu yake haikuwa ya mtandaoni.

Anasomea leseni ya urubani pale Wilson, ndege ndogo ya Cessna 172, kila saa ya kuruka ni pesa za familia nzima. Alikuja kwenye masomo akiwa na mamia ya saa za simuleta, na zilimsaidia: redio haikumtisha, vyombo alivijua kwa majina. Lakini katika saa zake za kwanza mkufunzi aligundua jambo. Mnara unampa QNH. Anairudia kwa redio vizuri kabisa, sauti imetulia, tarakimu zote zipo. Halafu mkono hauendi kwenye kitufe. Kinywa kimemaliza kazi, na kwa mwili wake hilo lilikuwa tayari limeisha, kwa sababu miaka yote kidole kilikuwa kinabonyeza B bila yeye kufikiri.

"Kaka," aliniambia, "kule Wilson hakuna B."

Nikamuuliza kama kulitokea shida yoyote angani. Akasema hapana, na hapo ndipo palipomwogopesha. Sisi tuko karibu na ikweta. Hapa mgandamizo unapanda na kushuka kwa hektopaskali chache tu kwa siku, unafika kilele mnamo saa nne asubuhi na tena saa nne usiku, kama saa ya ukutani. Unaweza kusahau kitufe kile wiki nzima na altimita isikosee sana. Tabia mbaya hapa haipati adhabu. Anapanga kumalizia mafunzo yake Afrika Kusini, ambako mifumo ya hewa hupita na kubadilisha namba kwelikweli. Angefika huko na tabia iliyolelewa Nairobi kwa upole, na angeigundua siku ambayo kuna mawingu na milima.

"Ukiniwekea wewe," akasema, "utakuwa umenichukulia kitu ninachokuja kukilipia huku."

Nilibishana naye kidogo. Nikamwambia wengi wa wanaotumia programu hii hawatakanyaga Wilson maishani, wanacheza tu baada ya kazi. Akakubali. Kisha akaniuliza, kama programu itaweka namba yenyewe na namba yenyewe ina kosa, nani atajua? Kwa mkono, rubani huweka namba kisha anatazama: nimeegesha Wilson, mwinuko wa uwanja ni kama futi 5,500, je altimita inasema hivyo? Namba isiyo sahihi inajitaja hapo hapo. Kitendo cha kuzungusha ndicho kinachomlazimisha kutazama.

Jibu langu kwake lilinipeleka kwenye tukio la Paris, ambalo nilikuwa nimelisoma kwenye ripoti ya wachunguzi wa Ufaransa. Tarehe 23 Mei 2022, Airbus A320 kutoka Stockholm ilikuwa inatua Charles de Gaulle katika mvua. QNH halisi ilikuwa 1001. Mwongoza ndege akasema 1011. Marubani wakarudia 1011, kila kitu kwa utaratibu. Barabara ile siku hiyo haikuwa na mteremko wa redio, kwa hiyo walitumia njia inayokokotolewa na tarakilishi ya ndege kutokana na altimita yenyewe. Vyombo vyote vikaonyesha wako juu ya njia sawasawa, kwa sababu vyote vilikunywa kwenye kisima kimoja. Ndege ilikuwa chini ya njia kwa karibu futi 280. Walipofika kimo walichodhani ni cha kuamua hawakuona barabara, wakapaa tena. Kipimo cha redio, ambacho hakitegemei hewa, kilirekodi kimo cha chini kabisa cha futi 6, ndege ikiwa bado karibu maili moja ya baharini kabla ya barabara. Futi 6. Hapakuwa na majengo pale.

Somo nililolichukua kama mtengeneza programu si kwamba binadamu anakosea. Ni kwamba vyombo vyote vilikubaliana, na kukubaliana huko kulionekana kama uthibitisho. Programu yangu ikiweka altimita kutoka kwenye METAR, kisha ikalinganisha altimita na METAR, itapata zinalingana kila siku. Itakuwa inajikagua kwenye kioo. Thamani yake yote ni kwamba namba tatu zinatoka sehemu tatu: mkono wa rubani, hewa ya simuleta, na uwanja. Ukimwondoa mmoja, unabaki na shahidi mmoja anayeongea mara mbili.

Kwa hiyo tulikubaliana hivi, na ndivyo ilivyo sasa. Hewa, programu inaruhusiwa kuirekebisha. Simuleta kama FSX inakubali kupokea METAR kutoka programu ya nje na kuigeuza kuwa hali ya hewa yake, kwa hiyo mwenye simuleta ya zamani na bando dogo anapata hewa ileile ya mwongoza ndege bila kufanya lolote. Hilo ni tatizo la data na ni la tarakilishi kulitatua. Kidirisha, programu haikigusi. Hicho ni cha rubani. Inamwambia tu kwamba namba haziendani, na haimwambii ipi ina kosa, kwa sababu nayo haijui.

Wapo waliokasirika. Mmoja alichukua msimbo, akaongeza ule mstari mmoja, anaendelea na maisha yake. Ni haki yake, msimbo uko wazi. Sina ugomvi naye.

Kwa wale mtakaoruka mtandaoni wikendi hii, nawaachia orodha fupi:

1. Kabla ya kuwasha injini, weka QNH kwa mkono, kisha tazama kama altimita inasoma mwinuko wa uwanja. Isiposoma, simama hapo hapo. Hewa yako si ya mtandao.
2. Ukiona tofauti, rekebisha hali ya hewa ya simuleta, si altimita.
3. Ukipita kimo cha mpito weka 1013. Ukishuka, usisahau kurudi. Katika kimbunga cha 970, kusahau kunakugharimu karibu futi 1,200.
4. Ukisikia tarakimu tatu tu, jiulize ni hektopaskali au inchi.
5. Ukimwona mwenzako dirishani hayuko pale rada inaposema, usimtukane redioni. Huenda yuko sahihi katika hewa yake.

Kuhusu binamu yangu, alishaanza kuruka peke yake. Aliniambia siku hizi hata kwenye simuleta ameiondolea herufi B kazi yake; akiibonyeza haifanyi chochote. Mkono unakwenda kwenye kitufe, hata kama QNH ni ileile ya jana.

Wenye maswali, hasa kuhusu kusoma METAR kwa msimbo, niandikieni. Wiki ijayo tunarudi ardhini, kwenye hifadhidata.